Mikeka ya matairi inatosha kuzuia mawe ya baruti?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nasimamia ujenzi wa jengo litakalokuwa na ghorofa moja chini ya ardhi. Tumegonga granaiti ngumu na tunatakiwa kushuka mita 3 zaidi. Mkandarasi wa baruti amekuja na vibali vyake vyote. Anasema atafunika kwa mikeka ya matairi na mchanga, kwa hiyo hakuna jiwe litakalotoka. Shule iko mita 80 kutoka ukingo wa shimo letu, na upande wa pili kuna barabara. Je, mikeka inatosha? Na mimi nisiyeijua baruti nikague nini kabla sijatia saini?

Jibu: Ndugu msimamizi, mikeka peke yake haitoshi. Mkandarasi akikuhakikishia kwamba hakuna jiwe litakalotoka kabla hajakuonyesha mchoro wa matundu yake, bado hajakujibu kitu. Jiwe huzuiwa kwanza ndani ya tundu: baruti kiasi gani, imekaa kina gani, mbele yake kuna mwamba mnene kiasi gani, na mdomo umezibwa kwa nini. Mkeka ni kwa ajili ya yale yaliyoponyoka hapo. Nitakueleza vya kukagua kwa mpangilio ambao ningeutumia mimi, na mikeka tutaifikia baadaye.

Kwanza ujue unapambana na nini. Kilo moja ya mchanganyiko wa kawaida wa nitrati ya amonia na dizeli hutoa karibu lita 1,000 za gesi, ukizipima katika joto na mgandamizo wa kawaida. Gesi yote hiyo huzaliwa ndani ya tundu ambalo ngumi haiingii, tena kwa muda usiofika kupepesa jicho. Kazi yake ni kuufungua mwamba uliokwisha kupasuliwa na mshtuko, na kuusogeza kidogo. Ikikutana na mahali dhaifu kuliko pengine, hutokea hapo na kubeba kila kilichoko njiani. Jiwe linaloweza kufika mita 80, yaani shuleni kwenu, linahitaji kuondoka na mwendo wa mita 28 tu kwa sekunde, ukiacha upinzani wa hewa. Hiyo ni kama kilomita 100 kwa saa, na kama shule iko usawa mmoja na shimo, litaanguka na mwendo ule ule. Kwa baruti, huo ni mwendo mdogo sana.

Mawe hutoka kwa njia tatu. Ya kwanza ni usoni: ule ukuta wa mwamba ulio wazi mbele ya mstari wa matundu hupasuka kwa kuwa ni mwembamba kuliko mlipuaji alivyodhani. Ya pili ni juu: baruti imekaa karibu mno na sakafu mnayokanyaga, ikachimbua shimo la duara na kurusha mawe pande zote. Ya tatu ni mdomoni mwa tundu, pale kizibo kinapotemwa kizima kama risasi. Ukisimama mbali ukasikia mluzi mkali juu ya mngurumo wa mlipuko, mara nyingi ni tundu limetema kizibo chake.

Sasa muombe mkandarasi karatasi ya mpango wa mlipuko. Sitaki uisome kama mlipuaji. Nataka uangalie namba mbili tu, na hesabu ni rahisi. Richards na Moore wa Australia walitoa kanuni inayotumika sana: umbali wa juu kabisa wa jiwe hutegemea uzito wa baruti kwa kila mita ya tundu, ukilinganishwa na unene wa mwamba unaoikabili mbele, au urefu wa kizibo juu yake. Tuchukue mpango unaofanana na kazi yenu: tundu la milimita 51, baruti ya vipande vya milimita 40, yaani kama kilo 1.44 kwa kila mita, katika mwamba mgumu. Kizibo kikiwa cha mita 1.5, kanuni hutoa mita 42 hivi kwa mawe yanayotokea juu. Kikifupishwa hadi mita 1, zinakuwa karibu 120. Kikifupishwa hadi sentimita 70, ni mita 300. Baruti ni ile ile na mwamba ni ule ule. Mtu ameongeza kipande kimoja au viwili vya baruti juu "ili mwamba uvunjike vizuri," na umbali umeongezeka mara saba.

Usoni mambo ni hivyo hivyo. Mpango ukisema kati ya tundu la mbele na uso ulio wazi kuna mita 1.2 za mwamba, kanuni hutoa mita 74. Lakini uso wa mwamba haujanyooka kama ukuta wa tofali. Una mbonyeo pale mlipuko wa jana ulipong'oa zaidi ya ilivyokusudiwa, au chini pamelika na juu pametokeza. Mahali hapo pakibaki na sentimita 80 tu, umbali unapanda hadi mita 210 na ushei. Kwa hiyo usiridhike na kipimo kilichochukuliwa juu, mdomoni mwa tundu. Muombe ashushe kamba yenye kitu kizito mwishoni mbele ya uso, apime sehemu ya juu, katikati na chini, tundu kwa tundu, kwa mstari wote wa mbele. Palipo pembamba, baruti isiwekwe: kipande hicho cha tundu kijazwe kokoto, baruti iendelee pale unene unaporudi. Mlipuaji makini hufanya hivyo bila kuombwa.

Namba hizo ni za makadirio ya juu kwa mlipuko usiofunikwa, si ahadi. Waandishi wa kanuni yenyewe walishauri umbali uliopatikana uzidishwe mara 2 kwa mitambo na mara 4 kwa watu. Piga mwenyewe: 74 mara 4 ni karibu mita 300. Shule yenu imo ndani ya duara hilo, tena ndani kabisa, hata mpango ukiwa mzuri. Kama sheria ya nchi au masharti ya kibali yanataka umbali mkubwa zaidi, unafuatwa huo mkubwa. Na kama mkandarasi anataka kuupunguza kwa sababu ya mikeka, aandike kwa nini, kwa namba, na mamlaka inayosimamia baruti ikubali. Neno la mdomo lisikutoshe.

Kuna jambo moja katika maelezo yako linalonitia wasiwasi kuliko shule na barabara: mnachimba msingi. Kwenye machimbo ya kokoto kuna ukuta mrefu ulio wazi, na mwamba una pa kwenda. Kwenu mwamba ni sakafu tupu. Mlipuko wa kwanza kabisa hauna uso wa mbele, kwa hiyo nguvu yake yote inatafuta kutokea juu. Mlipuko huo wa kufungulia njia ndio hurusha mawe kuliko yote, na ndio ambao wengi huujaza baruti zaidi kwa hofu kwamba hautavunja. Ningekuwa mimi, ufunguzi huo nisingeufanya kwa baruti. Leteni eskaveta yenye nyundo ya kuvunjia mwamba, ichimbe mtaro wa mwanzo hadi kina kamili, upana wa mita mbili tatu. Itachukua siku kadhaa na kelele nyingi, lakini mkimaliza mna uso ulio wazi, na kila mlipuko unaofuata utasukuma mwamba kuingia ndani ya mtaro badala ya kuurusha angani.

Mtaro huo uwekwe wapi? Upande ulio mbali na shule, ili uso wa mwamba uipe shule mgongo. Tatizo ni kwamba huko mbali ndiko kwenye barabara. Mkiweza kuuelekeza pembeni usitazame shule wala barabara, ni bora zaidi. Isipowezekana, uso utazame barabara, maana barabara hufungwa kwa dakika chache na gari likasubiri. Wala usidhani kuwa nyuma ya mlipuko ni salama kabisa. Mawe ya juu na ya mdomoni hayajui mbele wala nyuma.

Kosa lingine la misingi ni matundu mafupi. Juu ya mwamba huwa pamepanda na kushuka. Mpango umechorwa kwa tundu la mita 3, lakini kwenye pembe fulani mwamba umeshuka na tundu limekuwa la mita 1.6. Mjazaji, jua kali kichwani na eskaveta ikisubiri, anaweka vipande vile vile vya baruti kama kwenye matundu mengine. Kizibo kinabaki kifupi mno. Tundu moja la namna hiyo linatosha kuharibu kazi ya siku nzima iliyofanywa kwa uangalifu. Sharti liwe hivi: urefu wa kizibo haupungui kwa tundu lolote, hata kama maana yake ni tundu fupi kupata kipande kimoja tu au kutopata kabisa. Kipande kifupi kilichobaki kitavunjwa kwa nyundo.

Na mawe makubwa yaliyobaki baada ya mlipuko? Yapigwe nyundo pia. Kuna desturi ya kubandika baruti juu ya jiwe, kuipaka tope na kuilipua. Vipande vya jiwe la namna hiyo huruka vibaya, kwa sababu baruti imekaa nje na hakuna kinachoizuia. Kwenye eneo lenye shule mita 80, andika katika mkataba kuwa ni marufuku.

Sasa kizibo chenyewe. Nenda kwenye tundu ukatazame wanaziba kwa nini. Ukiona wanasukumia ndani ule unga uliotoka wakati wa kuchoronga, yaani kutoboa mwamba kwa mashine, wasimamishe. Unga ukiwa mkavu hutemwa. Ukiwa na maji huwa uji. Kinachofaa ni kokoto zilizopondwa, zenye kingo kali, safi, za ukubwa wa kama sehemu moja ya kumi ya kipenyo cha tundu. Kwa tundu la milimita 51, ni kokoto ndogo za milimita 4 hadi 8. Gesi ikizisukuma, kingo zinabanana na kung'ang'ania kuta za tundu, na kadiri zinavyosukumwa ndivyo zinavyokaza. Chukua konzi moja uifinye: kama inakuchoma kiganja, inafaa. Mchanga wa mviringo wa mtoni hauna sifa hiyo. Wala mawe makubwa kuliko hayo hayafai, kwa kuwa yanakwama njiani na kuacha uwazi chini yake, na yakitemwa ndiyo yanayoua.

Kabla ya kuziba, kila tundu lipimwe kwa tepu yenye uzito: liko kina gani, na baada ya kuweka baruti imebaki nafasi kiasi gani. Hili nalisisitiza kwa sababu linafichua hatari isiyoonekana. Mwamba unaweza kuwa na pango, ufa mpana au mshipa wa udongo. Mkimimina baruti ya chengachenga au ya uji, inamwagikia humo. Umeweka kilo ambazo zingepaswa kujaza mita moja, lakini tepu inaonyesha imepanda robo tu. Jibu la mtu mwenye haraka ni kuendelea kumimina mpaka ijae. Sasa kuna rundo la baruti lililojificha ubavuni, pengine karibu kabisa na uso, na hakuna mkeka ulioundwa kwa ajili yake. Kwa sababu hiyo, kazini kwenu ningependelea baruti ya vipande kuliko ya kumimina: huhesabika, na haimwagiki kwenye nyufa.

Anayejua nyufa ziko wapi ni mchorongaji. Alihisi mashine ikidumbukia ghafla kwenye mita 2, akaona vumbi likigeuka kutoka jeupe kuwa la kahawia, au hewa ikatokea kwenye tundu la jirani. Mara nyingi haulizwi. Anamaliza zamu, anaondoka, na mjazaji anakuja asubuhi na mchoro usio na habari yoyote. Dai daftari la uchorongaji lenye mstari kwa kila tundu: kina, mahali palipolegea, maji, rangi ya vumbi. Mjazaji awe nalo mkononi anapojaza, sio ofisini. Kama ningeruhusiwa kukagua karatasi moja tu kwenye kazi ya baruti, ningechagua hiyo.

Kuhusu mpangilio wa kulipuka nitakuwa mfupi, kwa sababu hapo unamtegemea mtaalamu wako. Matundu hayalipuki kwa pamoja. Hupishana kwa milisekunde, ili mstari wa mbele uwe umeshaanza kusogea kabla wa nyuma haujalipuka. Mstari wa nyuma ukiwahi, au ukikuta wa mbele bado umesimama, unakosa pa kusukumia na unatokea juu. Muulize tu: kati ya mstari na mstari umeacha milisekunde ngapi, na kwa nini? Kwa unene wa mita 1.2, jibu la 25 hadi 42 ni la kawaida. Akisema zote zitaondoka kwa mpigo, mpeleke nje. Muulize pia kama anatumia fataki (viwashio vinavyolipua baruti ndani ya tundu) za kielektroniki au zile za mirija ya plastiki. Za kielektroniki ni ghali, lakini zinaweza kupimwa moja moja hata zikiwa zimeshafunikwa, na kwa kazi ya kufunika faida hiyo naithamini sana. Ile mirija huwezi kuijaribu. Unaikagua kwa macho, na ukishaifunika huioni tena.

Haya, mikeka. Mkeka mzuri ni vipande vya matairi vilivyotobolewa na kushonwa kwa nyaya za chuma, mzito: kilo 150 na zaidi kwa mita moja ya mraba. Mkeka wa mita 4 kwa 6 unazidi tani tatu na nusu, kwa hiyo unabebwa kwa mtambo. Mkandarasi akija na matairi mazima yaliyofungwa kamba, au turubai, au mabati yaliyokandamizwa kwa mifuko ya mchanga, hayo ni mapambo. Mkeka unafanya kazi kwa uzito wake, na kwa kuwa na matundumatundu yanayoruhusu gesi kupumua huku mawe yakizuiwa. Kifuniko kisichopitisha gesi ni kama mfuniko uliobana juu ya sufuria inayochemka: kinanyanyuliwa chote, pamoja na mawe yaliyo chini yake. Kwa hiyo usishangae ukiona mkeka unaruka kidogo na vumbi likitoka kati ya matairi. Ndivyo inavyotakiwa. Ukiona mkeka umegeuzwa au umesafiri, tatizo liko kwenye ujazaji, wala usikubali jibu la "tutaongeza mkeka wa pili."

Kabla haujawekwa, uukague chini ukiwa umetandazwa. Tafuta nyaya zilizokatika, vibano vilivyolegea, vipande vya tairi vinavyoning'inia. Mkeka uliolipuliwa mara nyingi huwa umebakiza mashimo ya kupita kichwa cha mtu, na chuma kilicholegea kikirushwa ni kibaya kuliko jiwe. Gonga mkeka utoe mawe yaliyojibana ndani yake kutoka mlipuko uliopita.

Chini ya mkeka hutandazwa mchanga au udongo wa sentimita 30 hadi 50. Kazi yake kubwa ni kulinda nyaya na mirija isikatwe na mkeka, na kupunguza makali ya mawe ya kwanza. Sharti lake ni moja: usiwe na mawe. Nimeona watu wakichota kifusi kile kile cha eneo la kazi, chenye mawe ya ukubwa wa ngumi, na kukiita udongo wa kufunikia. Hapo umempa mlipuko risasi za bure. Uchekecheni, au agizeni mchanga safi.

Mikeka ilalie juu ya mwenzake kwa nusu mita hadi mita moja, isigusane ukingo kwa ukingo, kwa sababu jiwe litapita hapo hapo. Izidi nje ya matundu ya mwisho kwa mita moja na nusu hivi pande zote. Na, hili husahaulika sana, ishuke na kuning'inia mbele ya uso ulio wazi, si kufunika juu tu. Mawe ya usoni hayapiti juu; mkeka uliolala sakafuni yatapita chini yake yakiupungia mkono. Kwa kuwa nyie mko ndani ya shimo, ukuta wa upande wa pili utawasaidia kukamata mawe yanayotoka kwa chini chini, na kadiri mnavyoshuka msaada huo unaongezeka. Mita moja ya kwanza ndiyo isiyo na ukuta wa kuwasaidia.

Mkeka hushushwa wima, taratibu, na mtu mmoja akiongoza kwa ishara. Hauburutwi juu ya nyaya, hata sentimita moja. Ukiburutwa unaweza kukata waya, ukabaki na baruti nzima chini ya mwamba uliovunjika, na hata kuichokoza fataki. Wakati wa kushusha, karibu na mtambo awepo mlipuaji na wasaidizi wake tu. Wengine wote wameshatoka.

Tuje kwa watu. Hapa mpango na mikeka vyote unavichukulia kama vimeshindwa, kisha unauliza: ikitokea, nani yuko njiani? Paa la shule, liwe la bati au vigae, halizuii jiwe lenye uzito wa kilo kadhaa linaloshuka kwa kilomita 100 kwa saa. Kuwafungia watoto darasani na kuwaambia wakae chini ya madawati sio kinga. Lipueni saa ambazo shule haina mtu: siku isiyo ya masomo, au baada ya watoto kuondoka na mwalimu mmoja kuthibitisha kwa mdomo wake kwamba madarasa, uwanja na vyoo vitupu. Kama ratiba ya ujenzi haikubali, ibadilishwe ratiba ya ujenzi. Nenda mwenyewe ukaongee na mwalimu mkuu kabla ya wiki ya kwanza. Akipata habari kutoka kwenye king'ora mmeshachelewa.

Kila njia inayoingia kwenye duara la hatari iwe na mlinzi, pamoja na ile njia ya panya nyuma ya uzio ambayo mafundi wote wanaijua na haiko kwenye ramani. Kila mlinzi ana redio au yuko mahali anapoonekana, na mlipuaji halipui mpaka kila mmoja ajibu kwa zamu kwamba kwake pako tupu. Mmoja akikaa kimya, hesabu inasimama. Walinzi wenyewe wawe nje ya duara, au ndani ya kinga iliyojengwa kwa ajili hiyo; huwa tunawasahau, na mara nyingi wao ndio watu walio karibu zaidi na mlipuko. Baada ya kishindo, wasitoke haraka. Jiwe litakaloanguka mita 300 linaweza kukaa hewani sekunde 8 hivi, na lililorushwa karibu wima zaidi ya hapo. Vumbi linatulia, mtu anachungulia, na jiwe ndio kwanza linashuka.

Kinachofuata ni subira. Mlipuaji peke yake, au na msaidizi mmoja, huingia baada ya gesi kutawanyika na muda wa kusubiri uliowekwa na sheria kupita. Mikeka inanyanyuliwa kama ilivyoshushwa, wima, kwa sababu chini yake kunaweza kuwa na tundu lisilolipuka. Mpaka aseme pako salama, king'ora cha mwisho hakilii na barabara haifunguliwi, hata madereva wakipiga honi mpaka betri ziishe. Na msichoronge kamwe ndani ya mabaki ya tundu la zamani, hata kama linaonekana tupu.

Kabla ya kazi kamili, dai mlipuko wa majaribio: matundu mawili hadi manne, kwenye pembe iliyo mbali zaidi na shule, baruti ya chini kabisa ya mpango, masharti yote ya kuondoa watu yakiwa kamili. Weka kamera pembeni ya uso, si mbele yake. Baadaye tembeeni kutafuta kipande cha mbali zaidi kilichotua, mpime umbali wake, muandike kando ya namba iliyotabiriwa na kanuni. Rudieni hivyo kila mlipuko. Baada ya milipuko michache mtakuwa na kipimo cha mwamba wenu wenyewe, ambacho ni bora kuliko kanuni yoyote. Siku kipande kitakapotua mbali kuliko vilivyotangulia, hata kama hakikumgusa mtu wala kuvunja kioo, kazi isimame mpaka sababu ijulikane: tundu gani, kizibo kiasi gani, daftari la mchorongaji linasemaje.

Mkandarasi akikosa majibu ya hayo, au akikwambia unamfundisha kazi, mita 3 za mwamba zinavunjika pia bila baruti. Nyundo ya eskaveta nimeshaitaja. Kuna pia saruji ya kupasulia mwamba: unachoronga matundu ya karibu karibu, unachanganya unga na maji, unamimina, na katika muda wa saa 24 hivi unavimba na kuupasua mwamba bila kishindo. Ni polepole na ni ghali kwa kila mita ya ujazo, na kwa granaiti nzima isiyo na uso ulio wazi inasumbua, kwa hiyo mtaro wa mwanzo utauhitaji huko pia. Nayo ina hatari yake ndogo: kukiwa na joto kali au tundu likiwa pana mno kwa aina ya unga uliotumika, hufyatuka ghafla kutoka mdomoni ikiwa bado ni ya moto na yenye kuunguza macho. Ikishamiminwa, funikeni midomo ya matundu, kila mtu avae miwani ya kinga, na asiwepo wa kuinama kuchungulia.